Mwombeni mpiga kura, si kigogo wake

Wanasiasa wetu wanaojiita wanamageuzi wamezoea kubembeleza vigogo wa upande wa pili na kuwasahau wapiga kura wa upande huo. Kwa mfano, Desemba 2020 Rais wetu wa Kongo, Félix Tshisekedi, alivunja ushirika wake na mtangulizi wake Joseph Kabila, na muda si mrefu wabunge wengi wa Kabila wakahamia Muungano Mtakatifu, kambi mpya ya Tshisekedi. Raia waliowachagua hawakuulizwa lolote.

Tangu katiba ibadilishwe mwaka 2011, urais hupatikana kwa duru moja, kwa wingi wa kura tu. Ni rahisi mgombea kutosheka na ngome yake. Lakini hatari ya kutegemea ngome tuliiona mwaka 2006, nchi ilipogawanyika: mashariki kwa Kabila, magharibi kwa mpinzani wake Jean-Pierre Bemba.

Mvuvi wa Vitshumbi, awe wa chama chochote, anataka usalama kwenye Ziwa Edouard na barabara ya kufikisha samaki sokoni. Mgombea wa mageuzi amfuate huyo, bila kuficha msimamo wake. Kigogo hudai wizara. Mpiga kura hudai kazi ifanyike.

Desemba 2023 vita viliinyima Rutshuru, wilaya ya Vitshumbi, kura. Itakapopiga kura, kila mkaaji wake anastahili kuombwa kura kwa heshima.