Mizani ya Darasani Iko Wapi?

Matokeo ya kidato cha nne yameshasikika, na Hisabati imebaki mkiani kama ilivyozoeleka. Kwa miaka kadhaa wanaofaulu somo hilo ni takriban robo ya watahiniwa, na kuna miaka ambayo hata robo haikufika. Kinachotia hofu ni kwamba somo linawashinda hata watoto wa Kahama, Katoro na Nyarugusu, maeneo ya machimbo ya dhahabu ambako hesabu hupigwa kutwa kucha.

Mwaloni, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, dhahabu inawekwa kwenye mizani: gramu 12 na pointi 4. Usafi ni asilimia 88, kwa hiyo dhahabu halisi haifiki hata gramu 11. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, yanafuata makato, yakiwemo mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Tukihesabu hayo mawili tu, kwa kila shilingi 1,000,000 zinaondoka 70,000. Mwenye leseni akichukua asilimia 30 ya zilizobaki, vijana saba wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, wanagawana 651,000, kila mmoja 93,000.

Desimali, asilimia, uwiano: zote ni mada za darasani. Mizani ya darasani iko wapi?

Asiyejua hesabu hizi huumia. Huumia mwaloni anapopokea bei aliyotajiwa bila kuuliza imepatikanaje. Huumia shambani mpunga wake unapofungwa lumbesa, akauza gunia moja na ushee kwa bei ya gunia moja.

Sheria ya Madini inazitaka kampuni za migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, kwa kukubaliana na halmashauri. Mkoani Geita fedha hizo zimejenga madarasa, na hilo linastahili pongezi. Lakini mizani ya darasani iko wapi? Bei yake haifiki hata gharama ya mabati ya paa moja!

Mtoto asipelekwe mwaloni kwenye zebaki na vumbi la karasha la kusaga mawe. Hesabu za mwaloni ndizo ziletwe shuleni. Wakurugenzi wa halmashauri za mikoa ya Shinyanga na Geita waiingize mizani katika mpango ujao. Walimu watunge maswali ya mrabaha, mgao wa duara na uzito wa gunia. Wazazi watoe karatasi za mauzo, watoto wazikokotoe upya mezani. Na kamati za shule zisingoje matokeo mengine yatangazwe: ziidai mizani hiyo muhula huu, kwa barua na kwa mihutasari ya vikao, mpaka ifike!