Figo Zikishindwa, Miguu Isishindwe

(Muziki wa kipindi unapungua.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza na wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zao zimeshindwa kazi, pamoja na wanaowauguza.

Mashine hizo hazipo katika vituo vidogo vya afya. Ziko katika hospitali kubwa kama Hospitali Kuu ya Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara kutoka Diaca, au Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa na mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Hurudi amechoka, na jamaa kwa huruma humwambia, "Lala, usifanye lolote."

Siku hiyo apumzike. Lakini akilala kila siku, misuli hupungua upesi. Kwanza anashindwa kuinuka kwenye mkeka, kisha anashindwa kufika chooni. Sisi tuliokimbia vijiji vyetu kwa miguu tunajua thamani ya miguu yenye nguvu.

Basi afanye nini? Mwulize kwanza mganga wa kituo cha afya. Akiruhusu, mgonjwa aanze na matembezi ya dakika 5 kuzunguka mahema, asubuhi kabla jua halijawa kali. Akizoea, aongeze kidogo kidogo. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha kuzungumza huku akitembea. Asiyeweza kutembea akae kwenye kiti, asimame na kuketi mara 5, au anyooshe miguu mmoja mmoja.

Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumwishia, aache mara moja na apelekwe kituoni.

Mkono wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ulindwe. Usibebe ndoo ya maji kwa mkono huo, usiulalie, wala usikubali upimwe presha hapo. Kila asubuhi gusa mshipa huo kwa vidole. Ukikosa ule mtetemo wake wa kawaida, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Chakula nacho kina mipaka. Samaki wa chumvi huleta kiu, na mgonjwa asiyepata mkojo wa kutosha akinywa maji mengi, huvimba na kushindwa kupumua. Apime maji yake kwa kikombe, kwa kiasi alichoambiwa hospitalini. Madafu na ndizi vina potasiamu nyingi. Ikizidi mwilini, inaweza kuusimamisha moyo. Asile wala kunywa vitu hivyo bila ushauri. Asinunue dawa za maumivu sokoni ovyo, kwani baadhi yake huumiza hata kile kidogo kilichobaki cha figo.

Jambo la mwisho: karatasi za hospitali zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, zikae karibu na mlango. Ikibidi kuondoka usiku, ziondoke pamoja na mgonjwa. Mkifika mahali pengine, mwambieni mhudumu wa afya siku ya kwanza kwamba mna mgonjwa wa mashine. Msingoje avimbe, maana kukosa mashine kwa siku chache tu kunaweza kumuua.

Mama, baba, kesho asubuhi usimwambie mgonjwa wako alale. Mpe mkono, mwambie, "Twende mpaka pale kwenye mwembe, turudi."

Hadi kipindi kijacho, kwaherini.

(Muziki unapanda.)