Ufunguo wa Tovuti Yako Uko kwa Nani?



Dar es Salaam ina mafundi wa kila namna, na karibu wote tunajua jinsi ya kuelewana nao. Fundi cherehani unampelekea kitambaa chako, unatoa kishika uchumba, nguo ikiisha unamalizia. Fundi ujenzi unamnunulia saruji mwenyewe, maana ukimpa fedha mkononi unajua yatakayotokea. Lakini yuko fundi mmoja ambaye wengi wetu bado hatujajua kupatana naye, naye ni mtengenezaji wa tovuti. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe kwa miaka, kwanza katika kampuni, kisha kwa kujitegemea, na ugomvi niliouona kati ya mafundi hao na wateja wao ungetosha kulishughulisha baraza la kata mwaka mzima.

Ugomvi huanza na swali. Mfanyabiashara anapiga simu na kuuliza, "Tovuti shilingi ngapi?" Ni sawa na kuuliza, "Nyumba shilingi ngapi?" Ya chumba kimoja au ya ghorofa? Mbagala au Masaki? Na fundi naye, badala ya kuuliza hayo, anahofu mteja asije akampigia mwingine. Anataja bei papo hapo. "Laki nne, mzee." Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Maana tovuti si kitu kimoja. Kwanza kuna jina, yaani ile anwani inayoishia na .co.tz au .com. Jina hulinunui likawa lako milele. Unalilipia kwa mwaka, na hata.com huwezi kuilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Pili kuna seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa zako usiku na mchana. Hiyo ni pango: ukiacha kulipa, vyombo vinatolewa nje. Tatu ndio ujenzi wenyewe. Fundi anayetaja bei moja amevitia vyote vitatu katika sufuria moja, na mwaka wa pili akileta hesabu ya jina na seva, mteja anakuja juu: "Si nilishakulipa?"

Hebu tupige hesabu ya hiyo laki nne. Tuseme jina na seva vimekula 120,000. Bando na nauli za kumfuata mteja, 60,000. Zimebaki 220,000, na fundi amejipangia kazi ya wiki mbili. Lakini nani amewahi kuona tovuti ikiisha kwa wiki mbili? Programu siyo inayochelewesha. Tovuti nyingi hujengwa kwa WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hutolewa bure, na kijana mwenye uzoefu huisimamisha kwa saa chache. Kinachochelewesha ni mteja. Fundi anaomba picha za bidhaa. Anatumiwa picha tatu za giza kwa simu. Anaomba maelezo ya biashara, anaambiwa, "Andika tu wewe, si unaijua." Akiandika, mkurugenzi hayapendi. Kisha rangi ya bluu ibadilishwe iwe bluu iliyochangamka kidogo, halafu shemeji yake mkurugenzi, aliyerudi likizo, naye ana maoni yake. Mwezi wa pili umefika na bado tunajadili picha ya mwenyekiti iwe kubwa kiasi gani. Kwa miezi hiyo miwili fundi amepata 110,000 kwa mwezi. Sijui mlinzi wa zamu ya usiku atakayekubali mshahara huo.

Sasa mtu wa namna hiyo hula nini? Anashika kazi nyingine tano kwa wakati mmoja, na zote zinachelewa.

Wapo wanaosema, basi mimi nitakwenda kwenye kampuni kubwa nikakwepe usumbufu huo. Ni sawa, na mara nyingi utahudumiwa vizuri zaidi. Bali ujue unalipia nini. Kampuni ina pango la ofisi, ina msimamizi wa kazi, mbunifu, mtaalamu wa programu na kijana wa masoko aliyekuja kwako na tai, na kama imesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, hiyo nayo itakuwa juu ya ankara. Kwa hiyo bei inakuwa milioni kadhaa. Hilo si wizi. Lakini nimeona pia kampuni inayopokea milioni hizo mchana, na jioni inampa kazi yule yule kijana wa laki nne aifanye chumbani kwake Sinza. Waulize waziwazi: nani atakayeijenga, naye nitamwona lini?

Na wateja fundi anawapata wapi? Wa kwanza karibu daima ni ndugu au rafiki: mjomba mwenye duka la vipuri Gerezani, mwalimu wake wa zamani aliyefungua shule, mtu wanayesali naye. Wa pili huletwa na wa kwanza. Ndiyo maana chini ya kurasa nyingi utaona jina la fundi kwa herufi ndogo. Hilo ndilo bango lake. Wengine huzunguka viwanja vya Saba Saba wakati wa maonyesho wakiwa na kadi mfukoni, wengine hujaribu bahati katika masoko ya kimataifa kama Upwork, ambako unagombea kazi moja na vijana wa India na Ufilipino. Lakini riziki kubwa hutoka kwa watu wanaojuana, na hapo kuna mtego. Ukimletea mjomba mkataba wa kurasa mbili atakuuliza, "Sisi si ndugu?" Basi hakuna maandishi. Hakuna malipo ya awali. Kuna "tutaona mbele ya safari."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Fundi asiye na mkataba wala malipo ya awali hujitafutia dhamana yake mwenyewe, na dhamana iliyo karibu ni jina la tovuti. Analisajili kwa jina lake yeye na barua pepe yake yeye. Wengine hufanya hivyo kwa haraka tu, bila nia mbaya. Wengine wanajua wanachofanya. Mteja akikawia kulipa, tovuti inazimwa. Na mteja akiwa amelipa kila senti, bado hana ufunguo: siku fundi akihamia Mwanza, akibadili namba ya simu, au Mungu akimchukua, jina linabaki kwake.

Namjua mfanyabiashara mmoja, simtaji, aliyekuwa na anwani moja kwa miaka saba. Ilikuwa kwenye ubao wa duka, kwenye magari, kwenye vitabu vya risiti, na barua pepe zote za oda kutoka kwa wenye mali wa nje zilipitia hapo. Fundi wake alipata kazi ughaibuni akasahau. Taarifa za kukumbusha malipo zilikuwa zinakwenda kwenye barua pepe ya fundi ambayo haifunguliwi tena. Jina la .com likiisha muda na kufutwa na msajili, huwa kuna siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri, kisha liko sokoni kwa yeyote. Huyu bwana alizinduka likiwa limeshachukuliwa na watu wanaovizia majina kama hayo ili kuyauza. Barua pepe za oda zilikuwa zimekwama wiki kadhaa. Ubao alipaka upya. Oda zilizopotea hakuna wa kuzirudisha.

Nani mwenye makosa? Fundi, ndiyo. Lakini miaka saba nyuma yule bwana alijisifu kwangu kwamba tovuti ameipata kwa bei ya simu ya mkononi.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize kwanza kama unahitaji tovuti. Mama anayeuza keki Tabata na wateja wake wote wako WhatsApp na Instagram hana haja nayo leo, na nimewahi kuwarudisha watu wa namna hiyo na fedha zao. Ukiihitaji, akaunti ya jina ifungue wewe, kwa barua pepe yako, na ulipie kwa fedha yako. Fundi umpe ruhusa ya kufanya kazi, kama unavyompa mpangaji ufunguo wa chumba, hati ikibaki kabatini kwako. Seva ivyo hivyo. Ujenzi ulipe nusu kabla na nusu mwishoni, kwa maandishi, hata kama ni mpwa wako, na humo iandikwe ni mara ngapi utaruhusiwa kubadili mawazo. Fundi mzuri atafurahi. Akikataa kuandika, muulize kwa nini.

Na wale ambao tayari wana tovuti, kesho asubuhi mpigieni fundi simu moja, kwa upole: jina letu limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, na linaisha tarehe ngapi? Kama ni .com, msajili anatakiwa kutoa namba ya siri ya kulihamisha ndani ya siku 5 tangu mwenye jina alipoiomba. Lakini angalieni: mwenye jina ni yule aliyeandikwa pale, siyo yule aliyelipa.