Yubilei ni Kurudisha



Wapendwa wanakwaya na waumini wote, hongereni kwa Yubilei. Tukisoma Mambo ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa 50 baragumu lilipigwa na kila mtu akarudishiwa ardhi ya ukoo wake. Yubilei basi si shangwe tu, ni kurudisha.

Sisi kwaya turudishe nini? Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, ya mwaka 1963, ibara ya 114, inataka kwaya ziendelezwe kwa bidii. Papo hapo inawataka maaskofu na wachungaji wahakikishe waumini wote wanaimba sehemu iliyo yao. “Mtakatifu” ni wimbo wa kusanyiko zima pamoja na padre. Tukileta mpya kila mwezi, mama aliye benchi la nyuma hunyamaza, ingawa kushiriki ni haki yake kwa Ubatizo.

Sauti nne zipambe shukrani baada ya Komunyo. Lakini “Mtakatifu” tuuimbe ule wanaoujua. Tukileta mpya, tuwafundishe kwanza kabla ya Misa.

Mungu awabariki. Yubilei njema!