KUPIGANA KATIKA HADITHI
(Hotuba iliyosomwa Msuka mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Mimi ni mtu wa mafaili ya Serikali, lakini nimetakiwa niseme machache juu ya utungaji. Nimechagua jambo moja: ugomvi. Vijana wengi wanapotunga hadithi, watu wao hupigana kurasa mbili nzima. Ngumi, teke, ngumi tena. Msomaji hupiga miayo. Kwa nini?

Tuutazame mchezo wetu wa ng'ombe hapa Pemba. Ng'ombe hufungwa kamba, mchezaji humchokoza kwa nguo, na mwisho ng'ombe hauawi. Hata hivyo watazamaji hukaa roho juu. Wanaangalia miguu ya mchezaji, urefu wa kamba, na njia ya kukimbilia. Basi mtunzi naye kwanza atuonyeshe uwanja: mlango uko wapi, na nani yuko karibu nao. Pigo moja tulilolingoja lina uzito kuliko kumi ya ghafla.

Pili, pawe na sababu. Kule Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili watoe ya mwaka uliopita, kisha wapatane. Shafi Adam Shafi, katika Kuli (1979), ameandika juu ya mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Msomaji hufika kwenye mgomo huo keshazijua tabu zao. Ndiyo maana anajali nani atashinda.

Tatu, maneno hutangulia. Katika tenzi zetu za kale za vita, mashujaa hujitaja na kutambiana kabla ya panga kukutana. Panga zikishakutana, sentensi ziwe fupi, na tashbihi zikae kando.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: pigo liwe na gharama. Aliyevunjwa jino sura ya tatu asicheke na meno yote sura ya nne. Sisi watu wa visiwani tukipigana leo, kesho tutakutana msikitini, kisimani na mazikoni. Nani atamwamkia nani kwanza? Hapo ndipo hadithi ilipo. Mtunzi anayeficha gharama hiyo anawadanganya wadogo zetu kwamba ngumi humaliza ugomvi.

Wanafunzi, andikeni.