MSHAURI WA WATOTO SHULENI, NA MAFUNZO YAMPASAYO

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri ilinitaka niseme machache juu ya elimu ambayo mtu huipata chuo kikuu ili awe mshauri wa wanafunzi, kazi iitwayo siku hizi unasihi. Mwenzangu mmoja aliposikia habari ya hotuba hii aliniuliza: "Je, kuzungumza na mtoto nako kwahitaji shahada? Bibi zetu walisoma chuo gani?" Swali hili ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza na tuitazame nchi ambamo kazi hii imekua sana, yaani Marekani.

Mwaka 1907, katika mji wa Grand Rapids, mkuu wa shule aitwaye Jesse B. Davis aliwaagiza walimu wa insha waingize katika vipindi vyao mafundisho ya tabia na ya kuchagua kazi. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwashauri vijana juu ya kazi. Akafariki mwaka ule ule, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1909. Basi mwanzoni shauri lilihusu kazi na riziki. Kisha Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu ya kupitwa, na mwaka 1958 ikatungwa sheria iliyotoa fedha za kuwafundisha washauri wa shule, wapate kuwatambua vijana wenye vipawa. Polepole watu waligundua kwamba kijana hawezi kuchagua njia yake vema ikiwa nyumbani hakuna amani, au ikiwa moyo wake umeelemewa na huzuni. Ndipo kazi ikapanuka.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe. Katika majimbo mengi ya nchi ile, mtu hawi mshauri wa shule mpaka awe na shahada ya uzamili, ambayo huchukua yapata miaka miwili au mitatu baada ya shahada ya kwanza, kisha jimbo limpe cheti cha kazi. Liko baraza linalokagua vyuo, lijulikanalo kwa jina la CACREP, lililoanzishwa mwaka 1981. Katika vyuo vilivyokubaliwa na baraza hilo mwanafunzi husoma makuzi ya mwanadamu tangu utoto hata uzee, namna ya kumsikiliza mtu mmoja, namna ya kuongoza kikundi, kuchagua kazi, upimaji, utafiti, mila za watu mbalimbali, na maadili ya kazi.

Walakini, mabwana na mabibi, masomo ya vitabu si kiini cha mafunzo hayo. Kiini ni kazi ya mikono, ikiwa naweza kuuita usikilizaji hivyo. Mwanafunzi hufanya kwanza mazoezi ya saa zisizopungua 100, na 40 kati yake sharti awe ana kwa ana na watu anaowasaidia. Baadaye huingia shuleni kwa saa 600 nyingine, na 240 kati yake ni za ana kwa ana. Muda wote huo yuko mkuu wake ambaye, kwa wastani wa saa moja kila juma, hukaa naye na kumwuliza: Mtoto alisema nini? Wewe ulimjibu nini? Kwa nini ulimkatiza? Aliponyamaza, mbona uliharakisha kusema? Tena kuna kikao cha pamoja na wanafunzi wenziwe, ambamo kila mmoja huieleza kazi yake na kukosolewa. Basi yule afundishwaye kusikiliza, naye husikilizwa jinsi anavyosikiliza.

Hapo ndipo nipatapo jibu la yule mwenzangu. Bibi zetu hawakwenda chuo kikuu, lakini haifai kusema hawakufunzwa. Ni nani aliyepata kuwa kungwi pasipo kukaa kwanza chini ya kungwi mwingine? Alimfuata, akaona, akatumwa madogo, akakaripiwa, ndipo akaachiwa mwari. Wazee wetu walijua kwamba kumwongoza kijana ni kazi ya ujuzi, na ujuzi hurithishwa na mwenye ujuzi. Zile saa 700 za Wamarekani si jambo geni kwetu. Ni uanagenzi uliohesabiwa na kuandikwa.

Tena kuna jambo la pili ambalo wazee walilijua, nalo ndilo nililokuja hapa kulisema. Mtoto wa kwetu hakupelekwa kwa baba yake kueleza siri zake. Alikwenda kwa bibi, kwa mjomba, kwa shangazi, au kwa somo wake. Kwa nini? Kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na fimbo. Mwenye fimbo huambiwa kile kitakachoizuia fimbo, wala haambiwi kweli. Kwa hiyo desturi iliwatenga watu wawili hawa: mwenye kuadhibu na mwenye kusikiliza.

Chama cha washauri wa shule cha Marekani, kilichoundwa mwaka 1952, chafundisha neno lilo hilo. Katika orodha ya kazi zisizompasa mshauri, chama hicho kimeandika kutoa adhabu, kuwarudisha nyumbani watoto wasiovaa ipasavyo, kushika darasa la mwalimu asiyekuwapo, na hata kuandika daftari za ukarani. (Hapo nasi tumetajwa!) Chama hicho chashauri pia kwamba mshauri mmoja awe na wanafunzi 250. Nchi ile yenyewe, pamoja na utajiri wake, kwa wastani bado haijafikia kiasi hicho. Hivyo nisidhaniwe kwamba nawasifu kupita kiasi.

Na tujitazame sasa. Katika shule zetu nyingi mwalimu wa ushauri huteuliwa miongoni mwa walimu waliopo. Ana vipindi vyake vyote, hana chumba, na pengine yeye huyo ndiye mwalimu wa nidhamu. Asubuhi amchapa mtoto kwa kuchelewa, adhuhuri amwita, amwambia, "Niambie shida yako, mwanangu." Mtoto amtazama mkono. Kama alichelewa kwa kuwa alimwuguza mama yake usiku kucha, hatasema. Kama kuna mtu mzima anayemtendea uovu njiani, hatasema pia. Nasi tutaandika katika ripoti kwamba mtoto huyu ni mtoro.

Makarani wenzangu, sisi tunaijua siri ni nini. Tunalijua faili la siri, kabati lake, na nani ashikaye ufunguo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziliagiza kila kiboko kiandikwe katika daftari, nalo ni jambo jema, ili mkubwa apate kukagua. Lakini maneno ya mtoto kwa mshauri wake hayafai kuwa katika daftari lisomwalo na kila aingiaye ofisini. Mshauri aliyefunzwa hujua lipi la kuhifadhi. Tena hujua lipi asiloweza kulificha: mtoto akitaka kujidhuru, au kumdhuru mwingine, au akiwa anadhulumiwa mwilini, hapo mshauri sharti aseme kwa wenye mamlaka. Naye humwambia mtoto mpaka huo mapema, kabla hajafungua kinywa. Kuutambua mpaka huo ni kazi ngumu, na mtu haipati kwa kuteuliwa tu.

Najua litakaloulizwa: fedha zitatoka wapi? Hatuwezi kumsomesha kila mwalimu shahada ya uzamili, wala siombi hivyo. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vyafundisha unasihi, hivyo hapana lazima ya kuvuka bahari. Naomba mambo mawili ambayo kwayo chama chetu hakitafilisika.

Kwanza, kila mwanachama aliye katika kamati ya shule aombe kwamba mwalimu wa ushauri asishike fimbo, na apewe chumba chenye mlango na saa maalumu katika juma. Jambo hili halina gharama ila ya kupanga.

Pili, mfuko wetu wa elimu, ambao hutazama zaidi watoto wetu waingiao sekondari, umsaidie walau mwalimu mmoja anayetaka kusomea kazi hii, kwa sharti kwamba akirudi atawakusanya walimu wa ushauri wa wilaya mara kwa mara, wakae pamoja, wakosoane, kama wafanyavyo wanagenzi. Mmoja akijua vema, kumi watafaidi.

Bwana Mwenyekiti, naziweka hoja hizi mbili mbele ya mkutano, zijadiliwe na kupigiwa kura. Mwenye neno la kunipinga na aseme bila haya, maana watoto watakaoguswa na uamuzi huu hawamo humu ndani, wala hawana kura.