Damu Mlangoni mwa Kazi



Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifika Kilwa Kisiwani akatiliana mkataba na Sultani: apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila kichwa piastri 20. Baadaye biashara hiyo ikanawiri Kilwa Kivinje, na misafara kutoka Ziwa Nyasa ikawa inaishia pale ufukweni. Mnunuzi wa zama zile alimfungua mtu kinywa akamtazama meno, akambonyeza misuli, akamtembeza huku na huku aone kama hachechemei.

Silinganishi. Kijana wa leo wa Kivinje anayetafuta kazi Muscat, Oman, anakwenda kwa hiari yake, na mshahara ni wake. Lakini kabla ya viza lazima akapimwe afya, na siku hizi hakuna mwenye haja na meno, wanataka damu. Vikionekana virusi vya homa ya ini, aina ya B au C, cheti kinaandikwa kuwa hafai. Safari imeishia hapo. Na pesa ya pasipoti na vipimo, mara nyingi, aliikopa kwa mjomba baada ya mauzo ya ufuta.

Huyo aliyerudishwa ndiye ninayetaka kumsemea leo. Akifika nyumbani mtaa umeshatoa hukumu: kwanza pombe, pili uhuni. Sasa sikiliza sayansi inasemaje. Mtoto mchanga akiambukizwa homa ya ini B, mara tisa katika kumi virusi hukaa naye maisha. Mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya watu 95 katika 100 miili yao huvifukuza yenyewe. Kwa hiyo mtu aliyeishi navyo miaka na miaka, yaelekea sana alivipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, au utotoni akicheza na wenzake wenye vidonda. Hajajua hata kutembea, uhuni aufanyie wapi?

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2002. Piga hesabu mwenyewe. Aliyezaliwa kabla ya hapo leo ana miaka ishirini na kitu, thelathini, arobaini. Hilo ndilo rika linalovuta nyavu Kilwa Masoko, linalovuna chumvi, linalosubiri ajira za gesi kule Likong'o. Rika zima la kufanya kazi chanjo iliwapita.

Halafu kuna hili jina, linatuchanganya. Wengi husikia homa ya ini wakadhani ndiyo homa ya manjano, ile ya mbu, ambayo msafiri huchanjwa akapewa kadi. Kadi hiyo haizuii homa ya ini hata kidogo. Homa ya ini B hupita kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe mmoja kwa watu wawili. Haipiti kwa kupeana mkono wala kwa kula sinia moja. Mpishi mwenye homa ya ini B hakuambukizi kwa pilau yake, na dereva hakuambukizi kwa usukani.

Wapo waliolitambua hilo. Uchina, ambako wenye virusi hivi ni mamilioni kwa mamilioni, waajiri walikuwa na mazoea ya kuwapima waombaji kazi na kuwaacha nje wenye navyo. Mwaka 2010 serikali ikapiga marufuku kipimo hicho katika kuajiri na kuandikisha wanafunzi, isipokuwa kazi chache maalumu.

Oman hatuwezi kuipangia sheria zake. Zetu tunaweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, virusi vya UKIMWI, na mengineyo. Homa ya ini haikutajwa. Wabunge wa Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini, jina hilo liongezwe. Ni maneno matatu tu, wala hayahitaji bajeti.

Na wewe uliyezaliwa kabla ya 2002, nenda hospitali ya Kinyonga, au Sokoine kama uko Lindi mjini, ukaulize kipimo cha homa ya ini B. Ukikutwa huna virusi, ulizia chanjo: sindano tatu ndani ya miezi sita. Ukikutwa navyo, usikimbilie mizizi ya kuchemsha. Ini ndilo linalobeba mzigo wa kila unachokunywa. Muone daktari. Si kila mtu anahitaji dawa, lakini anayehitaji yupo, na dawa ipo: tenofovir, hiyo hiyo wanayomeza wenye virusi vya UKIMWI. Haivitoi virusi mwilini, ila huvibana visilile ini mpaka likawa kovu au saratani.

Pima kabla hujaenda kwa mjomba kukopa.